Maji ya Wakfu na Mkataba wa Miaka Miwili

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa maabara ambayo mlango wake ulikuwa bado kwa seremala. Chuo kikuu cha ufundi kilikuwa kimefungua kituo Langoni, na mimi, binti wa mtaa huo huo, nilikuwa mtafiti wa baada ya uzamivu. Vijana mnaoniuliza juu ya nafasi hizi, eleweni: ni kazi ya mtu aliyekwisha kuitwa daktari wa sayansi au uhandisi, lakini bado anaajiriwa kwa mkataba mfupi, wa miaka miwili miwili, chini ya profesa. Marehemu mama alishangaa. "Umesoma hata vitabu vimekwisha, na kazi bado ni ya kuazima?"

Kwanza nilipelekwa Kiunga kupima chumvi visimani. Nilipoanza kuvijua visima, mkataba ukaisha. Nikahamishiwa Mbwajumali, na huko, mkataba baada ya mkataba, ndiko nilikootea mvi.

Kijiji kilitegemea jabia, tangi kubwa la mawe la kukingia mvua, lililowekwa wakfu na wazee wa zamani. Sakafu ilikuwa na ufa; maji yalikwisha ukame ukiwa bado mkali, na kina mama wakabaki kununua ya mitungi. Nilikuwa nimebuni lipu ya chokaa na jivu inayoshikana na jiwe la matumbawe. Maabarani ilifaulu. Ilibaki kuipaka jabiani, na sharti jabia liwe tupu.

"Daktari, si mlifungulie tu, maji yatoke?" alisema Mkurugenzi wa Utafiti, kwa simu kutoka bara.

Nilimfikishia ombi hilo msimamizi wa wakfu, kwa haya.

"Mai haya yametolewa kwa ajili ya Mngu, Bi Daktari," akanijibu. "Kuyamwaga hakuna ndia. Ngoja yanywewe yaishe."

"Lakini yanavuja, Bwana!"

"Yakivuja ni kadari. Kumwaga ni mikono yetu."

Nilimwelewa. Aliyenishinda ni Mkurugenzi. "Mradi hauwezi kusubiri watu wanywe maji," akasema. Nikaomba mkataba uongezwe. Akasema nafasi itatangazwa upya, niombe kama wengine. Nikaomba. Wakanijibu kuwa imepita miaka mingi mno tangu nipate uzamivu. Miaka hiyo niliimalizia wapi, kama si kwao?

Mwaka huo mvua ilikuwa imenyesha vizuri, nami, Mola anisamehe, nikaikasirikia neema. Mkataba ukaisha, maji bado yapo. Baadaye kidogo msimamizi akanipigia simu.

"Bi Daktari, yamekwisha. Wanawake wamelifagia jabia. Waja lini?"

Nilihangaika. Lipu ilikuwa mali ya mradi, na mradi ulikuwa ukisubiri mtafiti mpya. Nilimwomba Mkurugenzi aniachie walau magunia ya lipu, nikafanye kazi bure. Akaniambia utaratibu haumruhusu. Nililia kwa hasira, sioni aibu kusema. Mtafiti mpya alifika mvua imekwisha kulijaza jabia, na mkataba wake nao ukaisha kabla ya maji.

Sasa nimestaafu, kama mtu wa mikataba aweza kuitwa mstaafu. Ombeni nafasi hizo, sayansi ni tamu. Ila kabla ya kutia sahihi, ulizeni kazi yenyewe inahitaji muda gani, na mbishane hapo hapo. Mimi sikubishana. Ufa uko pale pale, dawa yake naijua, na kina mama wa Mbwajumali wangali wakinunua maji.