Mashahidi Wanne wa Oola

Shemeji yangu Oola siku hizi hatulii. Ukimpa kiti anashika mgongo wa kiti tu bila kukaa, ukimpa chai anazunguka nayo uani kwake Kisugu mpaka inapoa. Alizaliwa kambi ya polisi, akakulia humo, na Kiswahili chake ni cha humo; akawa mpelelezi wa polisi hadi kustaafu. Kazi yake yote ilikuwa kuandika maelezo ya mashahidi na kunusa uongo. Nimemuoa dada yake Aloyo. Oola ni Mkatoliki, mimi Tajudin ni mwalimu wa madrasa mwenye duka Namuwongo, na tumezoea kutaniana. Tangu mkewe Amony afariki, mwaka jana, utani umemtoka.

Sala ya kumkumbuka ilipangwa Jumamosi nyumbani. Katekista akampa Oola somo la wanawake waliokuta kaburi la Yesu tupu. Akaazima Biblia tatu, akaongeza yake, akazipanga mezani, kila moja imefunguliwa kwa mwandishi mmoja wa Injili. Kisha akaja dukani mbio.

"Shemeji, huyu nasema malaika moja, huyu nasema wawili. Hapa Maria iko peke yake, hapa iko na wenzake. Nitasoma namna gani? Kama hii kaburi ni uongo, Amony iko wapi?"

Nikaacha kupima sukari. "Sisi Waislamu, kwenye hadithi za Mtume, huuliza nani kasikia kwa nani, jina kwa jina, mpaka kwa aliyeona. Hao wanne walisikia kwa nani?"

"Hawasemi!" akafoka. "Lakini mashahidi wakisema sawasawa, neno kwa neno, hao wamefundishwa. Mimi nilikuwa nafukuza hao." Akafika mlangoni, akarudi. "Na waongo pia natofautiana. Sasa?"

Nikakereka, nikarudi kupima sukari.

Ijumaa nikamkuta amegeuza nyumba kituo cha polisi. Mwanawe Saverio alikuwa ameshahojiwa chumbani, sasa ilikuwa zamu ya binti yake Aol, uani. Alitaka kujua walioona kwa macho yao hutofautiana kiasi gani, kwa hiyo aliwauliza juu ya asubuhi mama yao alipofariki. Nilipandwa na hasira.

"Watoto wamefiwa, nawe unawafanya washukiwa?"

Hakunisikia. Aol alisema mvua ilinyesha na muuguzi alikuwepo.

"Saverio nasema jua, na muuguzi hakuna," Oola akasema. "Mama alisema nini mwisho?"

Aol akainama. "Baba, acha."

"Sema."

"Aliuliza, 'Oola amekuja?' Nikamwambia uko njiani. Simu yako ilikuwa imezima."

Oola akanionyesha karatasi ya maelezo ya Saverio. Saverio naye alikuwa amesema hivyo hivyo, akilia. Wote wawili walimficha maneno hayo mwaka mzima wasimuumize.

Akavuta kiti, akakaa.

"Juu ya mvua nasema tofauti, lakini hii aibu yangu hakuna mtu natunga," akasema taratibu. "Na wale wanaume wa Yesu, wanafunzi wake, walikimbia. Wenyewe ndio nasema walikimbia."

"Bado hujanipa majina ya waliowasimulia hao wanne," nikamwambia.

"Najua, shemeji."

Jumamosi alisoma kwenye Biblia moja tu, yake. Alipofika pale wanaume waliposikia habari za wanawake wakaziona upuuzi, aliweka kidole kwenye mstari. Akamtazama Aol.

"Mimi pia sikuwepo," akasema, maneno ambayo hayamo kitabuni, kisha akaendelea kusoma.