Nilivyookolewa kwenye Maji ya Magotini

Kuna watu Rujewa mpaka leo wakiniona wanageukia pembeni wacheke kwanza ndipo wanisalimie, na siwalaumu, maana aibu ile niliitafuta mwenyewe, asubuhi kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na chai tumboni.

Kazi yangu ni kutathmini utayari wa maafa. Mwaka ule timu yetu ilikuwa imetoka jiji moja la pwani, tukapima walivyojiandaa na mafuriko na walivyoyakabili yalipokuja (mitaro imeziba, king'ora hakilii, watu wanayapiga picha maji badala ya kuyakimbia), basi nikarudi kwangu Mlandege, Iringa, kichwa kimevimba, najiona bingwa wa mafuriko nchi nzima. Nikatumwa kijiji kimoja cha bondeni karibu na Rujewa, ambako mto ukifurika unaingia hadi jikoni, na mimi kwa uvivu nikabeba fomu zilezile za jiji. Swali la kwanza linauliza umbali kutoka baharini. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma mpole sana, alifikiri kwa muda mrefu, akaniambia niandike ni mbali.

Tulipanga saa nne yeye atangaze kwa kipaza sauti kwamba leo ni zoezi, ndipo nipulize filimbi, watu wahamie shule ya msingi iliyo kwenye mwinuko, nihesabu dakika, kisha nipulize tena kufunga. Nilisisitiza bila filimbi yangu zoezi halifungwi.

Saa tatu na nusu nimesimama juu ya tuta la mfereji wa mpunga, na kizibao changu cha njano kinachong'aa, nikawaza: hawa wakitangaziwa si wataigiza tu? Kule pwani nani alitangaziwa? Ngoja nione ukweli. Nikapuliza.

Kumbe watu wale mvua za nyuma zilishawanyang'anya mpunga na ndama, filimbi kwao siyo mchezo. Mashine ya kukoboa ikazimwa, akina mama wakatoka na watoto mgongoni na magunia kichwani, jirani anamgongea jirani, Bibi Ngolo, kikongwe asiyetembea, akabebwa na wanawe juu ya kiti chake kama bibi harusi, na mimi natazama saa nachekelea matokeo mazuri, mpaka nikasikia kwato. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia waliyoitenga kupitishia ng'ombe (ilichorwa kwenye ramani yao, ambayo sikuisoma). Kundi linakuja juu ya tuta, pembe hizo, na hakuna hata mmoja anayeonekana kutaka kunipisha. Nikachagua mfereji.

Nikaanguka chali, fomu zikaelea, filimbi ikaponyoka, maji yakaingia puani, na mimi bingwa wa mafuriko nikapiga ukelele kwamba nakufa. Waokoaji wa kijiji wakaja mbio. Kamba ikatupwa, nikaidaka kwa mikono na meno, wakavuta, na katika kuvutwa ndipo nikagundua nimesimama, na maji yananifika magotini.

Nikataka kujieleza, lakini mkuu wa waokoaji, dada Sekela, mama lishe wa Kinyakyusa mwenye mikono ya nguvu, alishanilaza kwenye machela. Nikamwambia niko mzima.

"Kaka, tulifundishwa aliyetoka majini hatembei," akasema huku ananifunga mikanda. "Na wote husema wako wazima. Lala."

Nikamwambia basi zoezi limeisha. Akaniuliza filimbi iko wapi. Filimbi iko kwenye tope.

Nikapitishwa kijiji kizima hivyohivyo, kiatu kimoja, mpaka shuleni, nikawekwa kivulini jirani na Bibi Ngolo. Akanitazama vizuri.

"Mjukuu wangu, maji yako wapi?"

Mzee Masanja akafika anahema, kipaza sauti hata hakijawashwa, akainama akaniuliza taratibu kama ni mimi niliyepuliza. Nikakiri. Ikabidi nisimame mbele ya wote, nadondosha maji, niombe radhi. Wengine waliacha vyungu motoni, na mama mmoja alikuwa analia kweli, na hapo nikajiona mdogo kuliko kuku. Ndipo Bibi Ngolo akaanza kucheka, kicheko cha kukohoa, kikamwambukiza Sekela, kikaenda uwanja mzima, hata yule mama akacheka huku anajifuta machozi.

Ripoti niliandika ukweli: kijiji chote kimehama, hakuna aliyesahaulika, hata ndama, na kwa haraka ambayo jiji lile la pwani lingeionea wivu. Aliyeokolewa mmoja, mtathmini. Bosi wangu wa Mbeya akapiga simu kuuliza kama hapo nimekosea kuchapa. Nikamwambia sijakosea.

Tangu siku ile siwajaribu watu kwa kuwatisha. Napuliza mwenyekiti akishatangaza, nikishasoma ramani yao mara mbili, na nikianguka popote penye maji, nimeapa, nitajaribu kusimama kwanza kabla sijasema nakufa.