Picha Safi ya Mapengo

Jina la Mapengo hakulipata kwa meno. Meno yake yote yapo. Alilipata kwa mashine. Ni fundi wa mashine za kupiga picha mwili mzima, zile ambazo mgonjwa anadungwa dawa yenye mionzi, analazwa ndani ya bomba, na ugonjwa uliojificha popote unajitokeza kama madoa meusi. Mionzi hunaswa na fuwele, vipande vidogo vya bei ya kuua mtu, vinavyojaza bomba zima. Kwa bei hiyo watu wa kawaida wanakufa bila kujua wanakufa kwa nini. Mapengo akasema: tuziondoe nusu, tuache nafasi, kompyuta ikisie kinachokosekana. Pale karakana walicheka mpaka wakashika mbavu. Mashine ya kibogoyo! Jina likamganda, naye akaijenga hivyo hivyo.

Hospitali ilipokubali ijaribiwe, dada yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wafariki, alikuwa ameanza kulalamika mgongo. Titi lake moja lilikwishaondolewa kwa saratani. Bei ya kipimo cha mashine kubwa, ile yenye fuwele zote, hawakuiweza.

"Si unayo ya kwako?" dada akamwambia. "Au unawatengenezea watu baki tu?"

Siku ya kipimo Mapengo alikaa nyuma ya kioo na daktari. Aibu kusema, lakini alihofia mashine yake, si dada. Picha ikajichora: mbavu, uti wa mgongo, ini, kila kitu wazi, bila ukungu wowote. Daktari akainamia skrini, akaanza kuhesabu kitu kwa ncha ya kalamu. Mapengo hata hakumwona. Alishatoka mbio kumfuata dada, aliyekuwa anajifunga kitambaa kichwani.

"Picha imetoka safi, dada. Safi kabisa."

Dada akakaa chini, machozi yakamtiririka. Akachukua simu, akampigia binti yake. "Mjomba wako anasema niko safi. Sina kitu, mwanangu." Akakata simu.

Hapo ndipo Mapengo alipotambua neno lake lilivyosikika. Kwa fundi wa picha, safi ni picha isiyo na ukungu, hata ikijaa madoa. Na madoa yalikuwepo. Aliyaona yote kwa macho yake, akayashangilia jinsi yalivyotokeza vizuri. Alijichukia.

"Dada," akasema, "nilisema picha. Sikusema wewe."

Dada akafuta uso kwa ncha ya kitambaa. Machozi yalikuwa yamekatika.

"Ugonjwa umefika wapi?"

Mapengo akaonyesha kwenye mwili wake mwenyewe: mgongoni, nyongani, kwenye ini.

Simu ikaita. Ni binti. Dada akaiacha iite kidogo, kisha akamsukumia.

"Pokea wewe. Ukimweleza safi ni nini, mweleze vizuri kuliko ulivyonieleza mimi."

Mapengo akaiweka sikioni. Upande wa pili walikuwa wanapiga vigelegele.