Kishikio cha Mbele

Mwanangu akichonga penseli, ile harufu ya mti na vumbi lake jeusi hunirudisha Hyattsville, Marekani, kwenye fleti ya Mzee Laszlo.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama, niliyetoka naye Bukavu, ndiye aliyemwogesha na kumlisha mzee huyo wa Kihungaria. Jumamosi alinichukua niwe mkalimani, maana Kiingereza chake kilikuwa bado cha kubahatisha. Jamani, nilivyojishaua! Hata "supu imepoa" niliitafsiri kwa mikogo ya kibalozi.

Siku moja mzee akatandaza michoro yake. Ujanani alikuwa mchoraji katika kiwanda cha bunduki za jeshi kwao. Akaeleza, kidole kikifuata mistari: kwanza walinakili bunduki ya Warusi, kisha wakaiongezea kishikio cha pili, mbele, chini ya mtutu, halafu wakafupisha mtutu na kufanya kitako kikunjike, ili askari aenee nayo ndani ya gari la vita. Kishikio hicho alikichora yeye. Nikatafsiri yote, na mbwembwe juu.

Mama alikuwa amepiga magoti akimkausha miguu. Akainua macho, akauona mchoro, taulo likamponyoka.

"Anauliza kama ni mzuri," nikasema. Mzee alikuwa akimtazama kama mtoto anayesubiri kusifiwa.

Mama hakuondoa macho kwenye mchoro. Nikaona aibu mbele ya mzee. "Mama, si ujibu basi!"

"Umwambie ni muzuri," akasema. Akaokota taulo, akaendelea na vidole vya miguu, kimoja kimoja.

Mzee alifurahi mno, akanipa mchoro. Nami, mjinga mimi, nikaubandika ukutani kwetu, juu ya kitanda tulicholala mimi na Mama. Tangu hapo Mama akawa analaza kichwa upande wa miguuni. Alisema mgongo unamsumbua, na mimi nikaamini.

Miaka mingi baadaye, mzee ameshazikwa, ndipo Mama aliponiambia. Siku watu wenye bunduki walipomchukua kaka yake, Mjomba Bahati, kule Bukavu, yeye alikuwa chini ya kitanda. Uso wa aliyeingia hakuuona. Aliona mikono tu kwenye bunduki, mmoja nyuma, mmoja kwenye kishikio kile cha mbele.

"Ningefanya nini, maman?" akaniuliza, akiniita kama wanavyombembeleza binti kwetu. "Kazi ilikuwa ile moja tu. Na mzee wa watu alikuwa na miguu iliyovimba maji."

Nilimtafsiria Mama kila kitu utotoni. Siku ile moja aliyohitaji ninyamaze, nilimhimiza ajibu.