Maziwa ya Mbwa

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka jana. Nilikuwa kijana mwenye mke mmoja na mtoto mmoja. Nilitoka kwenye mashine ya krimu na debe la maziwa begani, nikafika uwanjani kwangu, nikalimimina lote kwenye karai la mbwa. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Aliangalia mpaka tone la mwisho, kisha akaingia ndani.

Chacha, wewe ni mjukuu wangu, na mimi na wewe kwa kawaida ni watu wa kutaniana. Leo nakuita mwanangu kwa sababu sina utani. Jumapili nilipita kwako, nikakukuta unafunga madumu ya maziwa kwenye pikipiki kwenda kuyauza Sirari. Ukanipa shikamoo yako vizuri, ukaondoka. Nikaingia ndani. Nikamkuta mwanao anachovya kiporo cha ugali kwenye chai ya rangi, na mkeo, tumbo limeshafika hapa, anasubiri mtoto ashibe ndipo ale makombo. Ng'ombe wanne wanakamuliwa kwenye boma lako na ndani ya nyumba hakuna tone. Nilitaka kukupigia kelele. Nikaona kelele utazisahau kabla hujafika barabarani, bora nikueleze nilichofanya mimi.

Miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, sisi wa Nyanungu tulikuwa na ng'ombe wengi kuliko akili. Zamani maziwa tuliyagandisha kwenye vibuyu, wakubwa wakanywa na watoto wakanywa. Kisha ikaletwa mashine ya krimu, ikawekwa kwenye banda karibu na mto. Ilizungushwa kwa mkono. Unamimina maziwa juu, yanatokea kwenye midomo miwili. Mdomo mmoja unatoa krimu, nzito, ya njano, ambayo ilipikwa samli ikapelekwa Musoma. Mdomo wa pili unatoa maziwa mepesi, meupe kiasi cha kuelekea buluu. Krimu inanunuliwa. Yale mepesi unarudishiwa, uende nayo unakojua.

Sasa uende nayo wapi? Sisi maziwa tuliyajua kwa mafuta yake. Yasiyoacha mafuta mdomoni kwetu hayakuwa maziwa. Mtu mmoja pale bandani, wala sijui ni nani alianza, akayaita maziwa ya mbwa, na jina likashika siku hiyo hiyo. Ukionekana umebeba debe lako kwa uangalifu, vijana wanakuuliza, "Mbwa wako hawajambo?" na watu wanaangua kicheko. Wengine waliyamwaga mtoni hapo hapo ili wasiulizwe. Mimi niliyapeleka kwa mbwa kweli, nikajiona bingwa wa mzaha.

Nilichokuwa nakitafuta ni baiskeli. Usicheke, wewe una pikipiki. Kwa hiyo maziwa yote ya asubuhi yalikwenda mashine, na yale kidogo ya jioni nilikunywa mimi na wageni wangu, maana mwanaume asiye na maziwa ya kumpa mgeni alikuwa si mtu.

Bibi yako Robi wakati huo alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wetu wa kwanza, Marwa, alikuwa na umri wa mwaka na nusu hivi. Mimba ilipojulikana akaachishwa ziwa papo hapo, kwa kuwa tuliamini maziwa ya mwenye mimba yanamdhuru mtoto aliye nje. Akaanzishiwa uji wa muhogo. Asubuhi muhogo, mchana muhogo, na jioni akipata bahati anachovyewa tonge kwenye mchuzi wa majani. Robi naye alikula mwisho, kilichobaki kwenye chungu. Kuku walikuwepo, tena wa kutaga. Lakini kwetu yai lilikuwa mwiko kwa mwanamke, na mwenye mimba ndiyo kabisa, tulisema atazaa mtoto asiye na nywele. Kwa hiyo mayai nayo nilikula mimi.

Siku chache baada ya lile karai, Robi alinifuata zizini.

"Baba Marwa, hayo mepesi niachie kidogo. Nimkorogee mtoto uji."

"Mtoto wangu mimi, Mwita, hanywi maziwa ya mbwa," nikamwambia. "Unataka wanicheke?"

"Nani ataona?"

"Mimi nitaona."

Ndivyo nilivyosema, mwanangu. Niliona nimesema neno la kiume sana. Robi hakuomba tena.

Wiki zikapita. Marwa akaanza kujaa mashavu. Miguu ikajaa, mikono ikajaa, ngozi ikawa nyeupe nyeupe, na nywele zikawa laini, nyekundu. Nikafurahi! Nikajisifu kule bandani kwamba mwanangu amenona, na kwa rangi ile lazima atakuwa karani wa Wazungu. Lakini hakuwa anacheza. Ukimweka hapa unamkuta hapa. Alikuwa analia kwa sauti ndogo, hata ukimpakata. Nikasema ni mtoto mtulivu, ana tabia ya babu yake.

Akaja shangazi yangu Wegesa kututembelea kutoka Susuni. Mama yule alikuwa amelea watoto wengi, wake na wa wenzake. Akamchukua Marwa mapajani, akamtazama usoni muda mrefu, kisha akabonyeza unyayo wake kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo likabaki.

"Mura," akaniita, yaani kijana kwa Kikurya chetu, "huyu hajanona. Amevimba."

"Shangazi, mtoto miguu yake ni laini, hata ya ndama iko hivyo."

"Huyu ana njaa."

Njaa! Neno lile lilinikata maini. Mimi, mwenye zizi lile, niambiwe mtoto wangu ana njaa? Nikasimama, nikamwambia shangazi yangu, mtu aliyenibeba mgongoni, kwamba kwangu hakuna njaa, hata mbwa wanashiba.

"Nimewaona," akasema. "Mbwa wako nimewaona."

Asubuhi yake akafunga kitambaa chake, akaondoka bila kunywa chai. Mimi nikabaki na hasira zangu. Nilikaa nazo wiki tatu nzima, mwanangu, na wiki tatu kwa mtoto aliyefika pale ni nyingi. Ngozi ya miguuni ilipoanza kubabuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na uji akaukataa hata kijiko kimoja, ndipo nikakubali tumpeleke zahanati. Ilikuwa mbali, tulitembea tangu alfajiri. Robi alimbeba njia nzima pamoja na tumbo lake, kila nikitaka kumpokea anageuka upande wa pili.

Tabibu alikuwa kijana, si mtu wa huku. Akamwangalia Marwa, akauliza anakula nini. Robi akajibu, uji wa muhogo. Akauliza maziwa je. Robi akanitazama mimi.

"Ng'ombe wapo, daktari," nikasema.

"Sikuuliza ng'ombe, mzee. Nimeuliza mtoto."

Mzee, mimi! Alikuwa ananiheshimu, na heshima ile iliniuma kuliko tusi. Akafungua kopo kubwa, akachota unga mweupe, akaukoroga na maji yaliyochemshwa kwenye kikombe cha bati, akaanza kumpa Marwa kwa kijiko, polepole. Nikachungulia kile kikombe. Rangi ile niliijua. Nyeupe ya kuelekea buluu.

Nikauliza ni dawa gani.

"Ni maziwa yaliyotolewa mafuta, yakakaushwa. Yanakuja kwa meli kutoka ng'ambo, na hayatoshi," akasema. "Mafuta yametoka, lakini kinachojenga mwili wa mtoto kimebaki humu. Ninyi kwenu si mna mashine ya krimu? Basi mnayo tele, yale mnayorudishiwa."

Robi akacheka. Alicheka kwa sauti, pale mbele ya wagonjwa, mpaka tabibu akashika kijiko hewani asijue amesema nini cha kuchekesha. Mimi nilijua. Nilitamani ardhi inimeze.

Marwa alikunywa vikombe vile siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu akafa mapajani mwa mama yake, jua limeshatoka, watu wanafagia uwanja. Tabibu alisema tumechelewa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tuliporudi nyumbani, mbwa walikuja kutupokea, wanene, manyoya yanang'aa. Nikaokota mawe nikaanza kuwapiga nayo, nalia, nawatukana kama vile wao ndio waliomnyang'anya mwanangu chakula mdomoni. Robi akanishika mkono.

"Waache," akasema. "Walikula walichopewa."

Tangu siku ile, nikitoka mashine, alinipokea debe mlangoni. Aliyakorogea uji, akanywa yeye mwenyewe, mbele yangu, akinitazama. Mayai pia alikula. Nani angemkataza? Shangazi yako mkubwa Ghati alizaliwa mdogo kama kiganja, lakini akaishi, na nywele zake unazijua zilivyo nyingi. Bibi yako alikaa na mimi miaka mingi baada ya hapo, akanizalia, akanipikia, akaniuguza. Jina la Marwa hakulitaja tena nikiwepo.

Ungedhani makosa yangu yaliishia hapo. Hapana, na hili sijawahi kumwambia mtu. Nilirudi kule bandani. Vijana wakaniuliza kama kawaida, "Mbwa wako hawajambo?" Nami nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nimeelezwa na tabibu kwa lugha rahisi kabisa. Ningefungua mdomo siku ile, ningesema, jamani, haya maziwa wapeni watoto, wangu amekufa kwa kuyakosa. Niliona aibu. Nikajibu, "Hawajambo." Mwaka ule maziwa yaliendelea kumwagwa mtoni, na nyumba za jirani watoto wakaendelea kunona kama wangu alivyonona. Niliwaona. Niliwapa pole baba zao msibani, nikala chakula chao, nikaondoka.

Ndiyo maana leo siogopi kukuudhi. Kasirika ukitaka, ni afadhali kuliko ninyamaze mara ya pili. Kabla hujafunga dumu hata moja, mimina kikombe cha mtoto, na kingine cha mkeo, na usimame hapo mpaka vimekwisha. Hao wa Sirari watakunywa kitakachobaki. Kuku wakitaga, mayai yaanzie kwa mwenye mimba, na mtu akikuletea habari za mtoto asiye na nywele, mlete kwangu. Siku ambayo maziwa hayapo, maharage yapo, dagaa zipo, karanga zipo, usiniambie habari ya muhogo mtupu. Na mtoto akijaa mashavu huku hachezi, usimsifu. Bonyeza mguu wake, na shimo likibaki, usingoje wiki tatu za hasira kama mimi, washa hiyo pikipiki. Mke akikuomba kitu cha mtoto, mpe, hata kama dunia nzima inacheka. Hao wanaocheka hawaji kukusaidia kuchimba kaburi.

Sina zaidi. Njoo karibu nikushike kichwa. Mungu akupe boma lenye kelele za watoto wanaokimbia. Mkeo ajifungue salama, na ziwa lake lisikauke. Akupe na uzee mrefu, Chacha, na siku yako itakapofika, wanao wote wawepo kukuzika, asiwe ametangulia hata mmoja.