Kikombe nilichosahau kukitikisa

Leo nimekunywa kahawa mpaka mikono inatetemeka, na usingizi umeruka. Msinicheke.

Juzi nimerudi Ibra, hapa Oman, kutoka Argentina, nilikozunguka na binti yangu kwa gari. Barabara haina mwisho, upepo mtupu. Mgongo bado unaniuma.

Kule wana kinywaji chao cha majani, watu hupokezana kikombe kimoja. Ukisema ahsante, maana yake umetosheka, hupewi tena. Nikazoea.

Leo jirani yangu Nasor kanikaribisha kahawa. Nilipomaliza kikombe nikasema, "Ahsante."

Akamimina.

"Ahsante sana, bwana Nasor."

Akamimina tena. Mimi nakunywa tu, nashangaa.

Kumbe huku, usipokitikisa kikombe, utamiminiwa mpaka kesho. Miaka yote niliyokaa Oman, na nimesahau.

Mzee Hilal, tuliyekuwa naye barazani, akacheka. "Yaa Seif, umekuwa mgeni tena?"

Neno hilo nililisikia sana nilipokuja kutoka Unguja. Leo likanichoma kama zamani.

Nasor hakucheka. Akanishika mkono wenye kikombe, akautikisa yeye mwenyewe, taratibu.

"Kachoka tu," akamwambia Hilal. "Huyu wa hapa."