Kidonge cha Kila Asubuhi

Mama Pindo, fundi cherehani, aliingia duka la dawa kutafuta dawa ya vidonda vya mdomoni. Mfamasia alimuuliza kwanza anatumia dawa gani nyingine.

Akatoa pakiti mkobani. “Hizi za maumivu ya viungo tu, mwanangu. Vidole vilikuwa vimegoma kushika sindano.”

“Unazimeza lini?”

“Kila asubuhi, sikosi.”

Mfamasia akashtuka. “Mama, hizi ni za mara moja kwa wiki! Ukimeza kila siku zinauzuia mwili kutengeneza damu. Vidonda hivyo ndiyo dalili yenyewe.”

Mama Pindo akashikilia kaunta. “Kwa hiyo nimejiua kwa mkono wangu?”

“Hujafa, mama. Twende hospitali sasa hivi.” Akafunga duka, akampigia daktari njiani.

Damu ya Mama Pindo ilikuwa imepungua vibaya. Wodini alimwogopa hata muuguzi aliyemletea dawa ya kumwokoa. Kila kidonge alikiona kama nyoka. Alitoka hai, lakini amekonda kama uzi.

Sasa anashona tena. Kidonge chake cha wiki hakimezi mpaka amsikie mfamasia kwenye simu: “Ndiyo, mama, ni leo.”